Modeli yangu ina usahihi wa asilimia 99.6. Niiamini kuchagua aresta za kubadilisha kabla ya mvua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa umeme, nina mwaka wa pili kazini, niko Kigoma na kampuni ya ukandarasi. Tumefunga vihisi vya mkondo vuja, yaani umeme kidogo unaovuja kupitia aresta kwenda ardhini, kwenye waya wa ethi wa aresta 36 za kilovolti 33. Hizi ni vikinga radi vya transfoma 12, tatu kwa kila moja, kuanzia Kigoma-Ujiji mpaka Kasulu. Kila kihisi kinatuma kipimo kila baada ya dakika 15: jumla ya mkondo, joto la hewa na unyevu. Nina data ya siku 180, Desemba hadi mwisho wa Mei. Ndani ya kipindi hicho aresta mbili zilikufa. Vipimo vya siku 7 za mwisho za kila moja nimeviita "mbovu", vingine vyote "nzima", kisha nikafundisha modeli ya miti ya maamuzi (programu inayojifunza kutoka kwenye data kutenga mbovu na nzima). Usahihi umefika asilimia 99.6. Wakubwa wanataka tuitumie kuchagua aresta za kubadilisha kabla ya mvua za Oktoba. Niiamini? Kama hapana, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba binti. Usiiamini. Wala usikimbilie kubadilisha aina ya modeli, kwa sababu hata ungeweka mtandao wa neva bandia wa gharama kubwa, jibu langu lingebaki hilo hilo.

Tuanze na hiyo 99.6. Aresta 36 kwa siku 180, tukipuuza kwamba mbili zilikatika njiani, ni siku 6,480 za aresta. Ulizoziita mbovu ni siku 7 mara mbili, yaani 14. Sasa chukua modeli isiyojua lolote, inayojibu "nzima" mchana na usiku bila hata kutazama kipimo. Itakosea siku 14 tu kati ya 6,480, kwa hiyo usahihi wake ni asilimia 99.8. Yako iliyosoma imepitwa na ile isiyosoma. Wagonjwa wanapokuwa wachache kiasi hiki, maswali ya maana ni mawili: kati ya aresta zilizokuwa mbovu kweli, modeli ilikamata ngapi? Na kati ya kengele ilizopiga, ngapi zilikuwa za kweli? Wakubwa wako wakikuuliza asilimia, wape hizo mbili.

Lipo na jingine ambalo hukulisema, lakini naweza kulikisia kwa sababu karibu kila anayeanza hufanya hivyo: umechanganya vipimo vyote kwenye kapu moja, kisha ukachota sehemu kwa bahati nasibu ili ujaribie. Kipimo cha saa 2:00 asubuhi kikaingia kwenye mafunzo, cha saa 2:15 cha aresta ile ile kikaingia kwenye majaribio. Vipimo hivyo viwili ni karibu kimoja. Modeli imekariri sura ya aresta namba fulani, haijajifunza ubovu. Gawa data kwa transfoma nzima nzima: transfoma 9 za kufundishia, 3 ambazo modeli haijawahi kuziona za kujaribia. Ukifanya hivyo utaona uwezo wake wa kukamata mbovu unaporomoka, na utagundua jambo lenyewe: una vifo viwili tu. Ukimweka mmoja upande wa majaribio, umebaki na mfano mmoja wa kufundishia ubovu.

Kwa vifo viwili huwezi kufundisha ubovu. Unachoweza kufundisha ni uzima, kwa sababu huo unao kwa wingi. Modeli ijifunze kwamba aresta hii, ikiwa nzima, kwenye volti hii, joto hili na unyevu huu, hupitisha mkondo kiasi hiki. Kisha kazi yako inakuwa kutazama tofauti kati ya kilichotabiriwa na kilichopimwa, na kuuliza kama tofauti hiyo inakua. Yote nitakayokueleza hapa chini yanatokana na wazo hilo moja.

Lakini kwanza lazima tukubaliane tunapima nini. Ndani ya ganda la aresta, liwe la silikoni au la kauri, kuna rundo la sahani za oksidi ya zinki iliyochanganywa na bismuthi, kobalti, manganizi na vingine kidogo, vikaokwa pamoja. Ufundi huu ulitoka Japani, kwenye maabara za Matsushita, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Michio Matsuoka akauandikia makala mwaka 1971. Kila mpaka kati ya chembe na chembe huhimili takriban volti 3, na mipaka hiyo iko maelfu kwa maelfu. Kwenye volti ya kawaida, aresta ya nguzoni kama zenu hupitisha mkondo usiofika miliampia moja. Radi ikapiga, volti ikapanda mara kadhaa, sahani zile zile hupitisha maelfu ya ampia kwenda ardhini, kisha hujifunga zenyewe. Aresta nyingi huandikwa ampia 5,000 au 10,000 kama mkondo wao wa kawaida wa kutoa radi.

Huo mkondo mdogo wa kila siku una sehemu mbili. Kubwa ni mkondo wa kapasita, ambao hutangulia volti kwa nyuzi 90 na hauna habari yoyote ya afya. Ndogo ni mkondo wa ukinzani, unaokwenda sambamba na volti. Huu ndio unaozalisha joto, na huu ndio unaopanda sahani zinapochoka au maji yanapoingia ndani. Kwa kuwa sehemu hizo zimepishana kwa pembe mraba, hazijumlishwi kwa kawaida, zinajumlishwa kwa kanuni ya Pithagorasi.

Fanya hesabu na mimi. Kapasita mikroampia 500, ukinzani mikroampia 50: jumla ni 502.5. Ukinzani ukiwa maradufu, yaani 100, jumla inakuwa 509.9. Aresta imechakaa mara mbili na kihisi chako kimeona ongezeko la asilimia 1.5. Wakati huo huo, usiku wa manane, mzigo wa laini ukishuka na volti ikapanda asilimia 3, jumla hiyo hiyo inapanda kama asilimia 3 na aresta haina kosa lolote. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona mlangoni pa mashine ya kusaga. Laini ndefu ya kilovolti 33 kama yenu haina volti tulivu ya mjini, na wewe hukupima volti kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile modeli yako iliita dalili inaweza kuwa ratiba ya watu kupika na kulala.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60099-5 kinaeleza njia kadhaa za kuutoa mkondo wa ukinzani ndani ya jumla. Kwa kuwa vihisi vyako tayari viko kwenye waya wa ethi, ziko mbili zinazokuhusu.

Ya kwanza ni kuchukua volti kama rejea na kukata sehemu ya mkondo inayokwenda nayo sambamba. Nguzoni hamna transfoma ya kupimia volti, lakini mna upande wa volti ndogo wa transfoma yenyewe, na hapo unaweza kuchukua rejea kwa usalama. Kumbuka tu kwamba transfoma nyingi za usambazaji huzungusha pembe kwa nyuzi 30 kati ya upande mmoja na mwingine, na mzigo nao huongeza mzunguko kidogo. Hapa usizembee. Kosa la nyuzi 1 tu kwenye pembe, kwa mkondo wa kapasita wa mikroampia 500, linakuletea mikroampia 8.7 za uongo. Unatafuta 50. Na nyuzi 1 kwenye umeme wa hezi 50 ni mikrosekunde 56 hivi tu, yaani sehemu 56 kati ya milioni za sekunde, kwa hiyo saa ya kihisi cha mkondo na saa ya kihisi cha volti lazima ziwe moja.

Ya pili ni harmoniki ya tatu, yaani sehemu ya mkondo inayotetema kwa hezi 150. Sahani za oksidi ya zinki hazifuati sheria ya Ohm, hivyo mkondo wake wa ukinzani huzaa harmoniki hiyo wenyewe, na huhitaji rejea ya volti. Njia hii inapendwa kwa urahisi wake, na urahisi huo ndio unaoponza watu. Volti ya laini nayo ina harmoniki zake, kutoka kwenye taa za LED, chaja, inveta na mashine za kuchomelea. Volti ikiwa na asilimia 1 ya harmoniki ya tatu, kapasita huikuza mara tatu: asilimia 3 ya 500 ni mikroampia 15. Harmoniki ya tatu ya sahani zenyewe kwa aresta nzima inaweza kuwa mikroampia 5 hadi 20 kwenye mfano wetu. Uchafu unalingana na dalili. Ndiyo maana vyombo vya kuaminika vya njia hii hubeba kichwa cha kupima uga wa umeme pembeni ya aresta ili kuondoa mchango huo. Ukinunua kifaa kisicho na marekebisho hayo, unapima ubora wa umeme wa mtaa.

Kwa vyovyote vile, kipimo kimoja kwa dakika 15 si kidogo, tatizo ni kilichomo ndani yake. Kama kichakataji cha kihisi chenu kinaruhusu, kibadilishieni programu: kila robo saa kichukue mizunguko kadhaa ya wimbi kwa sampuli 5,000 au zaidi kwa sekunde, kifanye hesabu pale pale nguzoni, kitume namba chache tu, yaani ukinzani, kapasita, harmoniki ya tatu, volti. Gharama ya kutuma haitapanda kitu.

Sasa hali ya hewa, na hapa ndipo data yenu ya Kigoma inaweza kuwa tamu kuliko ya maabara yoyote.

Mkondo wa ukinzani una milango miwili. Mmoja ni ndani ya sahani, na huo hupanda na joto. Mwingine ni juu ya ganda, pale ambapo vumbi limeshika na umande ukalilowesha, na huo hupanda na unyevu. Kihisi kwenye waya wa ethi hakitofautishi, kinapokea vyote kwenye waya mmoja. Saa ndiyo inayotofautisha. Mkondo wa juu ya ganda huwa mkubwa saa 11 au 12 alfajiri, umande ukiwa umeshika, na hupotea jua likikausha. Mkondo wa ndani huwa mkubwa saa 8 au 9 mchana, ukichelewa kidogo nyuma ya joto la hewa kwa sababu sahani huchukua muda kupata moto. Kwa hiyo usiipe modeli wastani wa siku. Ipe mambo mawili kwa kila aresta: mkondo unapanda kiasi gani kwa kila nyuzi ya joto, na unapanda kiasi gani kwa kila asilimia ya unyevu. Aresta ambayo mteremko wake wa joto, yaani huko kupanda kwa kila nyuzi, unazidi kuwa mkali mwezi hadi mwezi inachakaa ndani. Ambayo mteremko wake wa unyevu ndio unaokua inahitaji kitambaa na maji safi, tena laini ikiwa imezimwa na kuwekwa ethi.

Mteremko wa joto nauogopa zaidi, na sababu yake ni rahisi. Joto linaongeza mkondo, mkondo unaongeza joto. Ilimradi ganda linaweza kulitoa joto hilo nje, aresta inatulia. Siku uzalishaji ukizidi utoaji, labda baada ya radi mbili za karibu karibu katika mchana wa joto, hakuna kurudi nyuma: inapanda yenyewe mpaka inapasuka.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo mafundi wengi huitaja kama muuaji mkuu: maji kuingia ndani kupitia muhuri uliochoka. Hii haina adabu. Mkondo hupanda na kushuka bila kufuata joto wala unyevu wa siku hiyo, hukaa kimya wiki nzima kisha huruka. Kwenye tofauti zako itaonekana kama kelele iliyoongezeka kabla wastani haujaongezeka. Fuatilia basi mtawanyiko wa tofauti, si wastani wake peke yake. Ningekuwa na zile aresta zako mbili zilizokufa mbele yangu, hili ndilo ningelitafuta kwanza kwenye wiki zao za mwisho.

Na majira yenyewe yatakutega. Data yako ni ya Desemba hadi Mei, yote ya msimu wa mvua. Modeli haijawahi kuona Julai, Agosti na Septemba, vumbi na moshi wa moto wa nyika vikitua kwenye maganda miezi mitatu mfululizo karibu bila mvua. Kisha Oktoba yanakuja manyunyu ya kwanza, yasiyotosha kuosha ila yanatosha kulowesha. Siku hizo mkondo utapanda kwa aresta zote 36 kwa pamoja na modeli yako itapiga kengele 36. Mvua kubwa ikishanyesha, maganda yanaoshwa na mkondo unashuka chini hata ya ulivyokuwa Septemba. Wakubwa wakipokea kengele 36 ndani ya wiki moja zote za uongo, hawatasikiliza ya 37.

Dawa iko kwenye nguzo hiyo hiyo. Kila transfoma ina aresta tatu zinazonyeshewa mvua moja, zinazopulizwa na vumbi moja na kulishwa na laini moja. Linganisha kila moja na ndugu zake wawili: gawa mkondo wake kwa wastani wa hao wawili. Volti ikipanda, vyote vinapanda na uwiano haubadiliki. Umande nao hali kadhalika. Uwiano ukibadilika, aresta hiyo ina lake. Ila usitegemee uwiano uwe 1 kamili. Ya katikati huathiriwa na nyaya za pande zote mbili, za pembeni huathiriwa kwa upande mmoja, na kwenye vituo vya kupoza umeme vya kilovolti 132, kama cha Tabora, jambo hilo ni kubwa zaidi kuliko kwenu. Kinachotazamwa ni uwiano wa leo dhidi ya uwiano wa aresta hiyo hiyo ilipokuwa mpya au ilipokuwa nzima.

Hili unaweza kulifanya kesho asubuhi kwa data uliyonayo, bila kusubiri vihisi vipya. Halitakuonyesha uchakavu wa mwanzo, kwa sababu jumla inauficha kama tulivyoona. Litakuonyesha zilizokwisha kwenda mbali.

Modeli yenyewe sasa, kwa ufupi kwa sababu ndiyo sehemu rahisi. Anza na regresheni ya kawaida (hesabu ya kutabiri namba moja kutoka kwa nyingine) kwa kila aresta, logi ya mkondo wa ukinzani dhidi ya volti, joto, unyevu, saa zilizopita tangu mvua ya mwisho, na uwiano na ndugu. Chukua tofauti ya kila siku na uijumlishe siku hadi siku: kelele zitafutana zenyewe, mwelekeo utajijenga. Ukishaona regresheni hiyo inashindwa wapi, ndipo ujaribu otoenkoda (mtandao wa neva unaojifunza kunakili data ya kawaida) au miti. Usiiache modeli ijifundishe upya kila wiki kwa data mpya bila mipaka, maana uchakavu wa polepole utaingia ndani yake na kuitwa kawaida. Kigezo cha uzima kiwekwe kwa kipindi ulichokagua kwa macho na vyombo, kisha kifungwe.

Sifuri itendewe peke yake. Mkondo ukishuka kuwa sifuri, modeli yoyote iliyofundishwa kuogopa ongezeko itakuambia aresta ina afya njema kuliko zote. Sababu zake ni nne: umeme umekatika, kihisi kimekufa, kitenganishi cha chini ya aresta, kinachoikata kutoka kwenye ethi, kimefyatuka baada ya sahani kufa, au waya wa ethi umekatwa na wezi wa shaba. Mbili za mwisho zinaacha transfoma uchi mbele ya radi huku aresta ikionekana bado iko nguzoni. Huhitaji akili mnemba kwa hili, unahitaji sharti moja kwenye programu: volti ipo, mkondo hakuna, mtu aende. Pia kumbuka kihisi hufa zaidi siku ya radi, siku ile ile unayohitaji kipimo. Pengo kwenye data baada ya ngurumo usilijaze kwa wastani. Liandike kama tukio.

Na aende mtu anayejua. Waya wa ethi wa aresta iliyo hai ukifunguliwa, ncha yake ya juu hupata volti ya laini. Vihisi vya kubana tu, na kazi yoyote nyingine ifanywe laini ikiwa imezimwa, imejaribiwa na kuwekwa ethi.

Utakutana na data za bure kwenye mtandao, za aresta zilizochakazwa maabara, na utashawishika kuzitumia kuziba upungufu wa vifo. Ujue zilivyotengenezwa. Jaribio la kuchakaza haraka huweka sahani kwenye nyuzi 115 kwa saa 1,000, chini ya volti, pakavu. Hilo hufundisha uchakavu wa joto. Kwenu kinachoua ni maji na radi. Satelaiti ya TRMM iliyohesabu radi za ukanda wa joto iliiweka Kabare, karibu na Bukavu nchini Kongo, ya pili duniani kwa radi 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Kigoma si Kabare, ila ni majirani wa mawingu. Tumia data za maabara kujaribia programu yako kama inaendeshwa, usizitumie kuamua lini aresta ya Kasulu ishushwe.

Mifano yako ya ubovu itatoka kwenye benchi ya karakana. Kila aresta inayoshushwa, hata ile iliyoshushwa kwa sababu nguzo imegongwa na lori, ipimwe kabla ya kutupwa. Upimaji wa mkondo mfululizo (DC) ni rahisi: panda volti mpaka mkondo ufike miliampia 1, andika volti hiyo, shuka mpaka asilimia 75 yake, soma mkondo. Desturi inayotumika China, kunakotengenezwa aresta nyingi tunazofunga, ni kwamba volti ya kwanza isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 5, na mkondo wa pili usizidi mikroampia 50. Baada ya misimu miwili utakuwa na majina ya kweli ya kuipa modeli, badala ya "siku 7 za mwisho" ambazo, nadhani unaliona sasa, ulizibuni tu. Hakuna anayejua kama aresta ile ilikuwa mbovu siku ya saba au ilikuwa nzima mpaka dakika radi ilipoipiga.

Kwa hiyo Oktoba hii wajibu wakubwa hivi. Modeli haitachagua za kubadilisha, itapanga za kukaguliwa. Wape orodha ya aresta zote 36 kuanzia uwiano uliohama zaidi, wao waseme timu inaweza kufikia ngapi. Kama ni tano, ni tano za juu. Zikatazwe kwa kamera ya joto saa 2 usiku, jua likiwa limeshapoa kwenye maganda, ikilinganishwa aresta na ndugu zake. Hata nyuzi chache za tofauti kati ya ndugu zina maana. Inayochemka ishushwe na ipelekwe benchi.

Ukiwa nguzoni tazama pia urefu wa nyaya. Kila mita ya waya ina kama mikrohenri 1, na radi inayopanda kwa ampia 10,000 kwa mikrosekunde huongeza kilovolti 10 kwa kila mita juu ya ile volti inayobaki kwenye aresta yenyewe. Nimeona aresta nzima kabisa imefungwa kwa waya wa mita tatu uliopindishwa kwa mapambo, na transfoma imeungua. Hakuna modeli itakayokuambia hilo.

Mwisho, swali ambalo hukuuliza ila wakubwa wako wangepaswa kuliuliza. Aresta ya kilovolti 33 ya nguzoni mara nyingi ni bei ndogo kuliko kihisi chenye saa nzuri, paneli ya jua na laini ya simu. Kuilinda kila moja kwa kihisi chake si hesabu nzuri. Ningechukua vihisi vya transfoma zisizo na mteja nyeti nikavihamishia kwenye zile zinazolisha hospitali ya Maweni, pampu za maji na minara ya simu, na kwenye aresta kubwa za vituo, ambako kifaa kimoja kikipasuka kinaondoka na transfoma ya mamilioni mengi. Za mitaani zilizobaki zipigwe kamera ya joto Septemba na tena Januari, na inayoonekana kuchemka kuliko ndugu zake ibadilishwe bila kusubiri modeli.